Kimya Kisichouzwa

Mama yake Baridi alifika kwenye dirisha la maabara asubuhi, mkononi kashika mfuko mweusi, na binti aliyekuwa zamu ya kupokea sampuli siku hiyo alikuwa yuleyule ambaye mama huyo alikataa awe mkwewe.

Binti alimtambua kabla hajafika. Angemsahau vipi? Ule mwendo wa mtu anayekagua sakafu aliyoisafisha mwenyewe, ile shingo isiyopindia mtu. Barakoa ilimficha binti pua na mdomo, kofia ikamficha nywele, yakabaki macho tu. Aliomba Mungu macho yasitoshe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama aliutua mfuko juu ya ubao wa dirisha kama mtu anayetua mzigo asioupenda. "Wameniambia nilete hapa. Wamenikata huko kwenye chumba cha upasuaji mdogo, halafu wakanipa nibebe mwenyewe. Utadhani natoka buchani."

Binti alifungua mfuko. Ndani mlikuwa na chupa ndogo ya plastiki, na ndani ya chupa, kwenye dawa isiyo na rangi, vilielea vinyama vyembamba vyeupe, kama nyuzi zilizochomolewa kwenye pindo la shuka. Ubavuni mwa chupa paliandikwa: titi la kushoto. Chupa ikamponyoka, ikagonga ubao, haikumwagika.

Mama aliinua uso. Akayatazama yale macho juu ya barakoa, akayatazama tena.

"Kumbe ni wewe."

"Ndiyo, mama."

Nyuma ya binti mashine ya kukatia iliendelea kukwaruza, na mtu akacheka huko ndani kwa jambo lisilohusiana na dunia yao.

Msomaji aambiwe walikotoka hawa wawili. Binti alikuwa mwanafunzi, aliyeletwa hapo na chuo kwa mafunzo ya vitendo, ajifunze namna kinyama kinavyotolewa mwilini mwa mgonjwa, kikalowekwa kwenye dawa ya kuhifadhi, fomalini, kikagandishwa ndani ya nta, kikakatwa chembamba kuliko karatasi, kikapakwa rangi na kuwekwa juu ya kioo ili daktari akitazame kwa darubini na kuutaja ugonjwa. Wiki yake ya kwanza aliangusha trei nzima ya vioo. Tangu hapo aliitwa Vioo, na hata aliyempa adhabu ya kufagia vipande, yaani msimamizi wake, hakumwita tena kwa jina la nyumbani. Msimamizi mwenyewe alikuwa Mama Nta, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, ambaye siku ya kwanza aliwapanga wanafunzi ukutani na kuwaambia: "Kinachoingia hapa kwa chupa kinatoka kwa mdomo wa daktari tu. Macho yako yalete kazini. Mdomo wako uache getini."

Baridi naye alikuwa fundi wa majokofu. Aliitwa siku jokofu la sampuli lilipogoma, akaingia na kisanduku chake cha vifaa, akiimba kwa mluzi, akauliza, "Humu mnaweka nini, dada? Soda?" Vioo akamwambia, "Fungua uone." Akafungua. Akaona. Akakaa chini sakafuni, polepole, kama mzee anayetafuta mkeka.

"Ungenionya basi," alisema, kijasho kikimtoka.

"Ungeuliza vizuri."

Alicheka pale pale sakafuni, na kicheko chake kikamwingia Vioo mahali ambapo hakujua pana mlango. Jokofu lilitengenezwa siku ile ile, lakini fundi akarudi kesho yake kulikagua, na kesho kutwa, mpaka Mama Nta akasema jokofu hilo sasa lina afya kuliko wafanyakazi wote.

Miezi ilipita, Baridi akampeleka Vioo nyumbani kwa mama yake. Baba alishafariki, Baridi ni mtoto wa pekee, na sebule ile ilikuwa ya mama peke yake, kila kiti na amri yake.

"Unafanya kazi gani, binti?"

"Bado nasoma, mama. Nipo kwenye maabara ya patholojia. Tunapima vinyama vya wagonjwa ili daktari ajue ni ugonjwa gani."

"Na wafu?"

"Mara nyingine na wafu, mama."

Mama aliweka kikombe chini. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mwanangu, dunia imejaa wasichana. Walimu wapo, washonaji wapo, wauza duka wapo. Wewe umeniletea mtu anayeshinda na mauti. Kifo kina miguu. Kikimzoea mtu, humfuata mpaka kwake. Nilishamzika baba yako. Sitaki kufungua mlango wangu kwa mara ya pili."

Basi huyo ndiye aliyesimama dirishani leo, na kile alichokiogopa alikuwa amekileta mwenyewe, ndani ya mfuko mweusi.

"Umesoma hapo ubavuni?" mama aliuliza.

"Nimesoma, mama. Ndiyo kazi yangu kusoma."

"Mwanangu hajui. Wala hatajua." Mama alisogea karibu, sauti ikashuka. "Amepata kazi nchi ya mbali, kufunga vyumba vya baridi kwenye ghala kubwa. Miaka miwili. Ameihangaikia tangu akiwa mwanagenzi. Mwisho wa mwezi anaondoka. Akisikia hili, haondoki. Namjua. Atakaa hapa kunishika mkono mpaka wote wawili tuoze."

"Mama, bado hatujui ni nini."

"Mimi najua. Lina muda. Nililifunika kwa nguo nikidhani litachoka." Aliangalia pembeni, kisha akamrudia. "Sasa sikiliza, binti. Unamtaka mwanangu. Nyamaza, nami nitanyamaza. Siku utakayonihakikishia kwamba hili halitamfikia, mimi mwenyewe nitamwambia akuoe."

Vioo alihisi damu ikimpanda usoni chini ya barakoa. Alichokitamani kwa miezi kilikuwa kimewekwa juu ya ubao, kando ya chupa, kama chenji.

"Siri yako ni yako, mama," alisema. "Hapa hatusemi ya wagonjwa, awe nani. Nitanyamaza kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Lakini silipwi. Baridi si bei ya kitu."

Mama alimtazama kwa muda mrefu kuliko siku ile ya sebuleni.

"Una kiburi," alisema, akaondoka na ule mwendo wake.

Alipoiingiza chupa ndani, Mama Nta alimwona uso. Haihitaji darubini kuona mtu aliyepauka.

"Unamjua mwenye hiki?"

"Namjua, mama."

"Nimpe mwingine akikate?"

Vioo alifikiria. Alifikiria mwanafunzi mwenzake mwenye haraka, ambaye mikato yake hupasuka na kujikunja. Kinyama kilikuwa kidogo. Kikiharibika, mama angerudishwa kukatwa tena.

"Nitakikata mwenyewe," alisema.

Akakikata. Akakaa kwenye kile kiti kirefu, akazungusha gurudumu la mashine taratibu, utepe wa nta ukashuka mbele yake kama pumzi. Akauelekeza juu ya maji ya uvuguvugu, ukajinyoosha bila mkunjo hata mmoja. Hakuwahi kukata vizuri hivyo, na hakuwahi kuchukia kazi nzuri namna ile.

Daktari wa patholojia alikuwa mtu mpole asiye na mazungumzo, mwenye darubini ya kutazamiwa na watu wawili kwa pamoja. Akipata kioo kilichopakwa rangi sawasawa huita wanafunzi.

"Vioo, njoo. Hiki umekikata wewe?"

"Ndiyo, daktari."

"Kizuri. Kaa hapo. Niambie unaona nini."

Vioo alikaa. Akainamisha macho. Waridi na zambarau vikamjaa, rangi nzuri kama za kitambaa kipya dukani, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba palikuwa pazuri.

"Seli zimeacha mpangilio wake," alisema.

"Endelea."

"Viini vimevimba, havifanani. Nyingi zinagawanyika." Akakaza macho kwenye lenzi. "Zimevunja ukuta. Zimeingia kwenye mafuta."

"Kwa hiyo?"

Alimkumbuka mama akisema utadhani natoka buchani.

"Saratani, daktari."

"Sema yote."

"Saratani ya titi. Iliyokwisha kuvamia."

"Vizuri sana," daktari alisema, akatabasamu, jambo alilolifanya kwa nadra. "Wewe utakuwa mtaalamu."

Vioo alishukuru. Akaenda chooni, akafungua bomba liende kwa nguvu, akalia mpaka barakoa ikalowa ndani.

Siku chache baadaye, saa ya kutoka kazini, Baridi alikuwa getini. Alipomwona hakungoja afike. Alimkimbilia, akamnyanyua juu juu mbele ya walinzi, koti jeupe na mkoba na kila kitu.

"Niteremshe! Watu wanatazama!"

"Watazame! Amekubali!"

"Nani?"

"Mama! Tulikuwa tunakula, akaweka kijiko chini. Kasema, 'Yule binti wa maabara, muoe. Usisafiri bila kumchumbia.' Hivyo hivyo, kama mtu anayesema ongeza chumvi."

Alimteremsha, lakini hakumwachia. Macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya mtu aliyeponea chupuchupu. Vioo akajirekebisha koti.

"Amesema kwa nini?"

"Mvua imenyesha shambani, wewe unauliza wingu limetoka wapi?" Alicheka. Halafu akaona. "Unalia. Vioo? Ni furaha hiyo?"

Hapo palikuwa na mlango wazi. Vioo aliuona. Angeweza kusema, nenda kamuulize mama yako. Maneno hayo tu, hayavunji kanuni yoyote. Lakini uso ule ulikuwa karibu mno, na haukuwahi kumtazama kwa furaha kamili namna ile, bila kivuli cha mama nyuma yake. Akaitikia kwa kichwa. Baridi akamfuta machozi kwa kidole gumba, kwanza shavu hili, kisha lile, kwa uangalifu wa fundi anayegusa waya mwembamba.

Kesho yake Vioo alikwenda kwa mama. Alimkuta sebuleni, ameketi wima kuliko kawaida, kama mtu anayezuia kitu kisimwagike.

"Mama, nilikuambia silipwi."

"Na mimi sijakulipa. Nimeamua kwa hiari yangu. Au sasa hata kuamua nikuombe ruhusa?"

"Daktari amekwisha kukuambia?"

"Ameniambia. Amesema niingie wodini wiki hii. Nimemwambia mwanangu akishapanda ndege, nitaingia."

"Ugonjwa haungoji ndege, mama."

"Umengoja mpaka sasa."

"Haukungoja. Ulikuwa unafanya kazi." Sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia. Akapiga magoti mbele ya kiti. "Mwambie, mama. Nakuomba. Yeye ni mtu mzima. Akija kujua baadaye, hatatusamehe, mimi wala wewe."

Kwa mara ya kwanza uso wa mama ulilegea, na chini ya ukali wake Vioo akaona woga mtupu, wa mtu aliye peke yake na giza likiingia.

"Nikimwambia, litakuwa kweli," mama alisema. "Niachie siku hizi chache liwe langu peke yangu."

Vioo alinyanyuka kwenye magoti, akaaga.

Hazikuwa siku za kuachiwa. Juma lile lile, mchana, mama alinyanyuka kwenye kiti chake afuate chumvi jikoni. Hakuteleza, hakujikwaa. Alinyanyuka tu, na mfupa wa paja ukavunjika kwa mlio ambao Baridi, aliyekuwa mezani akikunja nguo za safari, alidhani ni kiti kimekatika. Hospitalini daktari wa mifupa aliinua picha kwenye mwanga, akamwonyesha Baridi mahali mfupa ulipoliwa, akamwuliza kwa huruma kama mtu anayeuliza jambo linalojulikana na wote: "Saratani yake mlianza kuitibu wapi?"

Baridi alimfuata Vioo nyuma ya maabara, kwenye kiwanja kidogo ambapo madumu matupu ya fomalini huanikwa yakauke. Vioo alikuwa anayapanga. Aliposikia hatua alijua ni zake, na alijua pia kwamba hazikuwa za siku zote.

"Ulijua?"

Alisimama. Hakujaribu kuuliza kuhusu nini.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu aliponipa chupa dirishani."

"Wewe ndiye uliyekata?"

"Mimi."

"Ukaangalia kwenye darubini?"

"Niliangalia."

Alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayejumlisha na kupata jibu lile lile. "Na siku ile getini. Nimekubeba mbele za watu kama punguani. Ulikuwa unajua."

"Baridi..."

"Ulilia. Nikakufuta machozi. Nilikufuta machozi, Vioo, nikidhani unalia furaha yetu!"

"Nilikuwa nakulilia wewe."

"Ungeniambia, tukalia wote!"

"Siri ilikuwa yake. Haikuwa yangu kukupa. Hapa tumeapa—"

"Usinitajie kiapo! Mimi ni nani, mpita njia? Yule ni mama yangu. Sina mwingine. Kila siku nimekula chakula alichopika amesimama kwa mguu unaooza, nikamsimulia mishahara ya huko niendako, na wewe unanitazama nikicheka."

Vioo alinyoosha mkono. Akaukwepa kama mtu anayekwepa moto.

"Na si kiapo," alisema, sauti ikiwa imeshuka sasa, na kushuka huko kulitisha kuliko makelele. "Mama ameniambia mwenyewe. Wamempa dawa ya maumivu, maneno yanamtoka vipande vipande, lakini hilo limetoka zima. 'Nilimwambia binti anyamaze, nami nitawaruhusu muoane.' Ndiyo maana alikubali. Mlipatana bei."

"Nilikataa."

"Ulikataa?"

"Nilikataa, Baridi. Pale pale dirishani. Nilimwambia silipwi."

"Na bado malipo yakaja." Alicheka kicheko kikavu kisicho chake. "Nani analipa duka lililofungwa, Vioo?"

Ukweli wake ulikuwa umevaa nguo za uongo, na mtu pekee aliyeweza kuuvua alikuwa amelala wodini, nusu yuko, nusu hayuko.

"Ningejua mapema," Baridi alisema, "ningemleta mapema."

Angeweza kumwambia kwamba mfupa hauliwi kwa wiki moja. Kwamba siku mama aliposhika ule mfuko mweusi, ugonjwa ulikwisha hamia huko zamani, na hakuna mapema ambayo ingemwokoa. Pengine lingempunguzia uzito. Lakini hilo nalo lilikuwa la daktari kusema, na Vioo akalimeza pamoja na mengine.

"Usije wodini," Baridi alisema. "Ukinipenda hata kidogo, usije."

Akaondoka. Vioo alirudi kwenye madumu, akayapanga yote, midomo ikitazama chini, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

Wodini alikwenda. Alikwenda kesho yake baada ya kazi, akakaa kwenye kigoda kando ya kitanda, na Baridi alipomwona akanyanyuka bila neno na kutoka kwenda kusimama koridoni. Ikawa ndivyo. Yeye akiingia, yule anatoka. Walipishana mlangoni kama wageni wa hoteli, bega likikaribia bega, na kila mara Vioo alisikia ile harufu yake ya gesi na sabuni, ikamchoma kama mara ya kwanza. Safari ilipita, fundi mwingine alipanda ndege kwa nafasi yake. Madaktari walikaa, wakazungumza, wakasema hakuna la kukata. Watatuliza maumivu.

Mafunzo yake nayo yakaisha. Siku ya mwisho Mama Nta alimshika bega mlangoni.

"Ulifanya kazi yako inavyopaswa."

"Imenigharimu, mama."

"Naona. Wasiogharimika ndio wanaoniogopesha."

Hayo tu. Vioo akavua koti, akalikunja, akaenda moja kwa moja wodini.

Siku hiyo mama alikuwa amepungua mpaka mto ulionekana mkubwa kuliko yeye, lakini macho yalikuwa maangavu, akili imemrudia kama mgeni aliyesahau kitu. Baridi alikuwa anamlisha uji kwa kijiko. Alipomwona Vioo aliweka bakuli chini, akanyanyuka.

"Kaa," mama alisema.

"Narudi sasa hivi, mama."

"Nimesema kaa. Nimechoka na nyie. Mmoja akija, mwingine anaondoka, utadhani mnalinda benki kwa zamu." Alipumua, akangoja pumzi nyingine ije. "Umemfanya nini huyu binti?"

Baridi alitazama sakafu. "Anajua mwenyewe, mama. Na wewe unajua. Uliniambia. Mlipatana."

"Nani alipatana?" Mama aligeuza kichwa kwa taabu, akamtazama Vioo, na kitu kinachofanana na tabasamu kikapita kwenye midomo iliyokauka. "Huyu? Huyu mkaidi? Nilimuuzia wewe, akakataa kununua. Mwanangu mzima, mrefu, ana meno yote, nikamwekea dirishani kwa bei ya kimya. Kimya akanipa bure. Wewe akakurudisha."

Wodi ilikuwa na watu, vyombo viligongana, mtoto wa mtu alilia mahali. Baridi aliinua macho kutoka sakafuni.

"Nilikuruhusu kwa sababu hiyo," mama aliendelea, sasa kwa shida, kila neno likilipiwa pumzi. "Nilisema, huyu asiyeweza kununulika, ndiye wa kumwachia. Si yeye aliyekuficha. Ni mimi. Alipiga magoti kwangu nikuambie. Nikaogopa."

Alifumba macho. Uso ukakunjamana, maumivu yalikuwa yanarudi, na dawa ilikuwa bado.

"Ubavu," alinong'ona. "Ubavu unaungua."

Vioo alikwisha kusogea. Alijua ubavu upi. Ngozi ilikuwa imeanza kuchubuka kwa kulalia upande mmoja. Akapita kando ya kitanda, akaanza kukunja ukingo wa shuka. Baridi alikuwa bado amesimama pale pale, mikono inaning'inia, machozi yanamtiririka bila kuyafuta.

"Kwa nini hukuniambia tena?" alimwuliza kwa sauti ndogo. "Mara ya pili. Mara ya tatu. Ningeamini."

"Usingeamini."

Ilikuwa kweli, na wote wawili walijua.

"Sijui kama nitaweza kusahau ile siku ya getini," Baridi alisema.

"Hata mimi sitaisahau. Niliitikia kwa kichwa, Baridi. Hapo nilikosa, na hapo sikuapishwa na mtu."

Mama aliguna. Kidole chake kilitambaa juu ya shuka, kikitafuta pa kushika, hakikupata.

"Usinisamehe leo," Vioo alisema. "Njoo upande ule. Shika shuka hapo begani na hapo nyongani. Mguu uliovunjika nitaushika mimi. Nikisema sasa, unavuta kwako, taratibu, usimkwaruze."

Baridi alipangusa uso kwa mkono wa shati. Akaja. Akashika alipoonyeshwa, na juu ya mwili ule mwepesi macho yao yakakutana, mekundu, hayana kitu cha kuficha tena.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

"Sasa."

Wakamgeuza.